Mdogo wangu ana Turner, vipimo vya ini vimepanda: aache homoni au aendelee?

#1 Msambaa wa Mjini
Wakuu habari za jioni. Naomba wenye uelewa wa homoni na ini watie neno, maana hapa nyumbani tumegawanyika.

Nina mdogo wangu wa kike, miaka 22. Alipofika 17 bila kuvunja ungo, mama akaacha kusema kila mtoto na wakati wake, tukampeleka hospitali. Damu ikapelekwa nje ya nchi kupimwa kromosomu, majibu yakarudi 45,X. Yaani ana X moja badala ya mbili. Ndiyo hiyo inayoitwa Turner. Akaanzishiwa vidonge vya homoni, hedhi ikaja, mwili ukajaa, akachangamka.

Juzi kapima afya kwa ajili ya ajira. Karatasi ya maabara, kwenye vimeng'enya vya ini, inasema ALT 78, AST 61, GGT 142, na kila kimoja kina mshale wa kwenda juu. Haumwi popote. Macho meupe, anakula vizuri, pombe hajawahi hata kuonja. Daktari wa kwanza kamwambia aache homoni leo leo, zinamla ini. Wa pili, hospitali nyingine, kasema asithubutu kuziacha, ini linasumbuliwa na Turner yenyewe. Mama anasema wote wawili wanabahatisha, tatizo ni karanga za sokoni.

Yupi asikilizwe? Naomba kuwasilisha.

#2 Nasoma Kimya
Siti ya mbele kabisa. Na mimi nipo upande wa mama mpaka itakapothibitishwa vinginevyo.

#3 Bi Mdogo wa Temeke
Pole mkuu. Homoni si za kuchezea jamani. Mimi majira yalininenepesha mpaka magauni yote nikagawa. Aache kwanza, mengine yatafuata. Ini halina spea.

#4 Nesi wa Zamu
Msambaa, vidonge vyenyewe vikoje? Kama ni pakiti ya vidonge 28, ambamo 21 vina rangi moja na 7 vya mwisho ni vya kahawia, basi hayo ni majira yale yale ya uzazi wa mpango.

#5 Msambaa wa Mjini
Ndiyo hiyo hiyo, saba vya kahawia. Anachukua bure. Siku moja aliulizwa mbele za watu mume wake kakubali? Akarudi analia.

#6 Nesi wa Zamu
Basi mkorogano umeanzia hapo.

Majira hayo yana ethinilestradioli. Ni estrojeni (homoni ya kike) ya kutengenezwa ambayo ini huivunja kwa shida, ndiyo maana kiasi kidogo sana kinatosha kuzuia mimba. Sisi tunaotoa huduma ya uzazi wa mpango tuna maswali ya kumuuliza mteja kabla hajapewa, na moja ni kama ana ugonjwa mkali wa ini au amepata manjano. Akisema ndiyo, hapewi, anapelekwa mbele. Nadhani daktari wa kwanza ameona karatasi ya ini, akaona pakiti ya majira, akafunga hesabu.

Lakini huyu binti hazuii mimba. Ovari zake hazitoi estrojeni, kwa hiyo kidonge ndicho kinachofanya kazi ya ovari. @Bi Mdogo wewe ukiacha majira unarudi kwenye homoni zako. Yeye akiacha anaangukia kwenye hali ya mama wa miaka 55 aliyekoma hedhi, akiwa na miaka 22. Mifupa ndiyo inalipa hilo deni.

Na kuna jambo jingine watu hawalioni: vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma, havina homoni yoyote. Kila siku 28 anakaa wiki nzima bila estrojeni. Ukijumlisha, robo ya mwaka mwili wake hauna kitu.

#7 Dereva wa Semi
Samahani, mimi ni mtu wa gia. Kidonge kinaingia tumboni, ini linahusikaje na mambo ya hedhi?

#8 Daktari Kijiweni
Nitakujibu kwa lugha ya barabarani. Chochote unachomeza, damu inakibeba kutoka kwenye utumbo hadi kwenye ini kwanza, ndipo kinasambaa mwilini. Ni kama mzani wa Vigwaza: umetoka Morogoro na mzigo, lazima upite pale kabla hujaingia Dar. Estrojeni ya kumeza inapita mzanini ikiwa na mzigo wote kwa mkupuo, na ini likishtuliwa hivyo linaongeza kutengeneza protini fulani, zikiwemo zile za kugandisha damu, na mafuta ya trigliseridi nayo yanaweza kupanda. Estrojeni ya kibandiko au jeli inaingia kwa ngozi, inasambaa kwanza, ini linakuja kuipata baadaye kidogo kidogo kama kiungo kingine chochote.

Kwa hiyo swali la "aache au aendelee" limeruka swali la katikati: aendelee na ipi, na kwa njia gani?

#9 Dereva wa Semi
Kumbe kibandiko ni njia ya panya. Nimeelewa kuliko nilivyoelewa Biolojia miaka minne.

#10 Kimo Si Hoja
Nilikuwa nasoma tu lakini hapa lazima niandike. Mimi mwenyewe nina Turner. Miaka 34, sentimita 144, nipo Dar, nafanya kazi ya uhasibu na gari naendesha, kiti nimekisogeza mbele basi.

Na mimi nilishawahi kuambiwa niache homoni kwa ajili ya ini. Niliacha. Kilichonipata: joto la ghafla linapanda kifuani hadi usoni nikiwa kwenye kikao, usiku nabadilisha shuka, hasira zisizo na mwenyewe. Baadaye nikapimwa mifupa, wakakuta imepungua uzito. Vimeng'enya vya ini je? Havikushuka. GGT ilizidi kupanda. Nikahamia kwa daktari mwingine akanirudishia homoni, safari hii estradioli (estrojeni ya asili) ya kibandiko, na projesteroni ya kumeza pembeni. Baada ya muda ALT ikarudi ndani ya mstari, GGT bado iko juu kidogo mpaka leo.

Kibandiko kwa joto la Dar ni kazi. Nabandika chini ya kitovu, jasho likija kingo zinanyanyuka, zinakusanya nyuzi za kanga na vumbi, ukioga unakikuta sakafuni. Siku hizi natumia jeli nikiipata. Inanukia spiriti, unapaka pajani, unasubiri ikauke kabla ya kuvaa. Dukani haipatikani kila mara, mara nyingi naagiza kwa mtu anayesafiri.

Msambaa, mwambie mdogo wako hayuko peke yake. Na aulizwe yeye anataka nini. Naona uzi mzima tunamjadili kama gunia.

#11 Msambaa wa Mjini
Kimo Si Hoja ubarikiwe dada. Nimemsomea ujumbe wako, kacheka hapo kwenye kiti cha gari. Anasema hataki kuziacha, anaogopa tu kumbishia daktari.

#12 Pwani Kusini
Salaam kutoka Likoni. Mimi nitawaharibia hesabu. Mtoto wa mamangu mdogo ana Turner pia, lakini yake ni ya mchanganyiko, seli nyingine 45,X nyingine 46,XX za kawaida. Alikuwa kwenye tembe za kupanga uzazi kama huyo, ALT ikapanda. Daktari akamsimamishia. Alipopimwa tena ilikuwa imeshuka karibu na kawaida. Sasa hapo mtaniambia si tembe zilizokuwa zikimdhuru?

#13 Mbeba Boksi
Pwani, katikati hapo Ramadhani ilipita?

#14 Pwani Kusini
Ilipita. Na alifunga. Na ndiyo, alipungua mwili, najua unakoelekea.

#15 Mbeba Boksi
Umenisoma. Niko Leeds, mke wangu anahudhuria kliniki ya Turner hapa kwa hiyo nimesoma nyingi kuliko nilivyotaka. Kupungua uzito pekee kunaweza kushusha ALT kwa mtu mwenye mafuta kwenye ini. Wanawake wenye Turner hupata uzito wa tumboni, kisukari na mafuta kwenye ini kwa urahisi kuliko wengine. Kwa hiyo kwa binamu yako mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, huwezi kujua lipi limefanya kazi.

Kuna utafiti wa Uingereza wa 2001 uliokwenda kinyume kabisa na hofu ya zamani: wanawake wenye Turner walipopewa homoni, vimeng'enya vya ini vilishuka. Na rejista ya wagonjwa ya Denmark ilionyesha mwishoni mwa miaka ya 90 kwamba wana hatari ya ini kusinyaa kwa makovu zaidi ya mara tano ya wanawake wengine. Hatari hiyo haitokani na homoni, inatokana na hali yenyewe.

#16 Pwani Kusini
Umejuaje haitokani na homoni? Hao wa Denmark si wengi wao walikuwa wakimeza homoni miaka yote? Toa hapo kwanza.

#17 Nasoma Kimya
Mombasa 1, Leeds 0. Mpira unaendelea.

#18 Daktari Kijiweni
Swali la Pwani ni la haki, na #15 amelivuka haraka. Rejista inakuambia nani kaugua, haikuambii kwa nini. Ila kuna kitu kingine: wapo wenye Turner ambao vimeng'enya hupanda bila kuwahi kutumia homoni, na vinazidi kupanda umri ukienda. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa uliotokana na mkutano wa Cincinnati, Marekani, ukachapishwa 2017, ulisema ini lipimwe kila mwaka kuanzia miaka 10, wakati kwa kawaida homoni zinaanza miaka 11 au 12. Na vimeng'enya vikipanda, peke yake si sababu ya kusimamisha estrojeni. Njia ya ngozi ndiyo inayopendelewa.

Zamani wengi tulifundishwa kuwa estrojeni na ini ni maadui. Ilitokana zaidi na dozi kubwa na vidonge vya kutengenezwa vya enzi hizo.

#19 Bwana Maabara
Nimefurahi mnajadili ini, ila mnazisoma namba kama matokeo ya kidato cha nne.

ALT na AST zinaonyesha seli zimeumia na kuvuja. Hazionyeshi ini linafanya kazi kiasi gani. Kwa hilo tazama albumini, bilirubini na muda wa damu kuganda. Msambaa hajatuwekea hizo. AST ipo pia kwenye misuli na kwenye chembe nyekundu: damu ikivutwa vibaya chembe zikapasuka ndani ya bomba, AST inapanda na mgonjwa mzima kabisa. GGT ndiyo inanikera kwenye karatasi hiyo, iko zaidi ya mara tatu ya kikomo. Hupandishwa na njia za nyongo, pombe, mafuta kwenye ini, na dawa kadhaa, zikiwemo za kifafa. Kwa Turner GGT kupanda ni jambo la kawaida sana.

Vipimo virudiwe kabla ya mtu kuacha dawa ya maisha. Karatasi moja haimfungi mtu.

#20 Bi Mdogo wa Temeke
Kidato cha nne umetugusa wengi, punguza.

#21 Mgogo wa Kibaigwa
Mbona mnamdharau mama mzazi? Karanga si utani. 2016 huku kwetu Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye mahindi. Macho ya njano, tumbo limejaa maji, watoto ndio walioisha zaidi. Nilikuwa napakia mahindi wakati huo, nimeona.

#22 Pwani Kusini
Na Kenya 2004, Makueni na Kitui, walikufa 125. Tunaikumbuka.

#23 Daktari Kijiweni
Kweli yote. Lakini hizo zilikuwa sumu za dozi kubwa kwa muda mfupi, mgonjwa alionekana kwa macho. Sumukuvu ya kidogo kidogo kwa miaka, ikikutana na homa ya ini B, ndiyo inayoleta saratani ya ini. Haikupi kirahisi GGT 142 kwa binti anayekwenda kuomba kazi. Ila karanga zenye ukungu asile, wala mama asile.

#24 Mzaliwa wa Ukara
Msambaa, mdogo wako kakulia wapi? Lushoto?

#25 Msambaa wa Mjini
Shule ya msingi yote kasomea Sengerema kwa shangazi. Kwa nini?

#26 Mzaliwa wa Ukara
Nilijua tu! Ziwa Victoria hilo. Alikuwa anateka maji, anaoga ziwani, anafua. Kichocho cha tumbo. Kwetu kijana anatapika damu bakuli zima, bandama limefika kitovuni, watu wanasema karogwa. Hamjampima kichocho mnahangaika na kromosomu za Wazungu.

#27 Mbeba Boksi
Kromosomu za Wazungu ndiyo nini? Turner inawapata wasichana wa kila taifa, takriban 1 kati ya 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa hai. Ullrich aliiandika Ujerumani 1930, Henry Turner akaiandika kule Oklahoma 1938, na X moja ikagunduliwa 1959. Huku kwetu wengi hawapimwi, wanaitwa wafupi au tasa, basi.

#28 Mzaliwa wa Ukara
Sawa profesa. Kichocho bado kipo pale pale.

#29 Daktari Kijiweni
Ukara ana hoja, ingawa kwa fujo. Mayai ya kichocho cha tumbo hukwama kwenye matawi ya mshipa unaoingia kwenye ini, kovu linajengeka kuzunguka mshipa, damu inakosa njia. Lakini kwa ugonjwa huo vimeng'enya mara nyingi havipandi sana, unakuta ini limefungwa kwa makovu na karatasi ya maabara karibu safi. Kinachoonyesha ni picha ya ultrasaundi na bandama. Apigwe picha.

Shida inayonikuna kichwa: Turner nayo ina kawaida ya kuharibu mishipa midogo ndani ya ini. Ultrasaundi ikionyesha ini lina vinundu au mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini umetanuka, kwa binti wa Sengerema mwenye 45,X, nitakayeisoma picha hiyo sitalala.

#30 Kimo Si Hoja
Daktari hiyo ya mishipa naomba uieleze, sijawahi kuisikia na nina miaka 34.

#31 Mbeba Boksi
Naijua hiyo. Kuna madaktari wa Ufaransa walichapisha 2004. Walichukua vipande vya ini kwa wanawake 27 wenye Turner ambao vimeng'enya vyao havikushuka. 10 kati yao maumbile ya ini yalikuwa yamebadilika kabisa: wengi wa hao walikuwa na vinundu vinavyoota pale damu inapofika kwa kubagua, na wawili ini lilikuwa limesinyaa. Wengine walikuwa na mafuta zaidi. Hoja yao ilikuwa kwamba mishipa inayoumbika vibaya kwenye moyo wa mwenye Turner inaweza kuwa imeumbika vibaya na kwenye ini.

#32 Daktari Kijiweni
Kimo usishtuke. Hao 27 walichaguliwa kwa sababu walikuwa na tatizo sugu, si wenye Turner wowote tu. Wewe ALT imeshuka, endelea kupima kila mwaka na uangaliwe moyo na aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, hilo ndilo linaloua haraka kuliko ini.

#33 Mkemia wa Mtaa
Wakuu mnazunguka mbuyu. Ini husafishwa. Nina unga wa mizizi saba, siku 21 tu, GGT inashuka yenyewe. Njoo PM.

#34 Nasoma Kimya
Huyu hapa amefika. Tulikuwa tunashangaa kachelewa.

#35 Bwana Maabara
Hao wa siku 21 ndio wateja wangu siku ya 22, ALT 900. Wengine hawarudi kuchukua majibu.

#36 Msambaa wa Mjini
Hapo kwenye mizizi, kuna kitu. Nimemuuliza mama sasa hivi. Anasema kuna dawa ya kienyeji amekuwa akimchemshia mdogo wangu ya "kufungua kizazi" tangu alipogundulika. Kikombe kimoja jioni. Bibi mmoja wa Korogwe ndiye anayeileta. Hakuna aliyewahi kuwaambia madaktari.

#37 Nesi wa Zamu
Jamani! Posti 35 ndipo tunaambiwa.

#38 Mgogo wa Kibaigwa
Karanga naona zinaachiwa kwa dhamana.

#39 Daktari Kijiweni
Msambaa usimgombeze mama. Nusu ya wagonjwa wangu wana kikombe cha jioni. Lakini hicho ndicho cha kwanza kusimamisha, kabla ya homoni. Hatujui mizizi gani, kiasi gani, na inachemshwa muda gani. Homoni tunaijua mpaka mikrogramu.

Kisha: vipimo virudiwe pamoja na albumini na bilirubini, homa ya ini B na C, ultrasaundi, sukari, mafuta ya damu, tezi ya shingo. Tezi kulegea ni jambo la kawaida kwa Turner na yenyewe inaweza kupandisha vimeng'enya. Pia kuna ugonjwa wa utumbo kukataa ngano, seliaki, nao huwapata zaidi ya watu wengine na ALT hupanda kimya kimya.

#40 Nesi wa Zamu
Kuongezea: chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto hapa nchini 2002. Mwenye miaka 22 huenda alichanjwa, kama kadi ya kliniki ipo itazameni. Lakini kupima ni kidole na dakika chache, apimwe tu.

#41 Bi Mdogo wa Temeke
Swali la pembeni, msinipige. Huyo binti akiolewa atazaa?

#42 Kimo Si Hoja
Swali hilo tunaulizwa kabla ya jina. Wachache wanashika mimba wenyewe, hasa wenye mchanganyiko. Wengine kwa yai la kuchangiwa, ila lazima moyo na aota vikaguliwe kwanza, maana mimba inaweza kuipasua aota. Na wengine tunaolewa, tunalea watoto wa ndugu, tunaishi. Dawa ya kufungua kizazi haitafungua ovari ambayo haipo, na hilo mama aelezwe kwa upole, maana naamini ndilo linalomsumbua kuliko ini.

#43 Bi Mdogo wa Temeke
Nimekuelewa dada yangu, asante.

#44 Mbeba Boksi
Nikirudi kwenye majira. Hata kama mizizi ndiyo mchawi, bado asikae kwenye ethinilestradioli. Estradioli ya asili ya kumeza ni nafuu kwa ini, ya ngozi ni nafuu zaidi.

#45 Nesi wa Zamu
Boksi, unasema ukiwa Leeds ambako mkeo anapewa kwenye bahasha. Huku kibandiko ni cha kuagiza na bei yake si ya mama lishe. Kati ya majira ya bure na kukaa bila estrojeni kabisa kwa sababu jeli imekosekana, mimi nitampa majira, na nitamwambia asinywe vile vya kahawia, aunganishe pakiti kwa ruhusa ya daktari wake.

#46 Mbeba Boksi
Na vimeng'enya vikizidi kupanda akiwa ameunganisha pakiti? Si umemwongezea wiki ya dozi?

#47 Nesi wa Zamu
Ndiyo maana nikasema daktari wake.

#48 Pwani Kusini
Huyo daktari wake ni yupi kati ya wale wawili? 😂

#49 Msambaa wa Mjini
Mrejesho wakuu. Ameenda kwa wa pili. Mizizi imesimama, majira bado anameza. Vipimo vimerudiwa: ALT 59, AST 40, GGT 131. Albumini na bilirubini za kawaida. Homa ya ini B na C hana. Ultrasaundi: mafuta kiasi kwenye ini, bandama la kawaida, mshipa mkubwa wa kawaida. Tezi imelegea kidogo, kaandikiwa dawa. Ameambiwa apunguze chapati na soda, na wanatafuta jeli.

#50 Mgogo wa Kibaigwa
Kwa hiyo mizizi ndiyo ilikuwa inamla. Kesi imefungwa.

#51 Pwani Kusini
Imefungwa wapi? GGT imeshuka kitu gani, 142 hadi 131? Hiyo ni tembe bado ziko mwilini. Mkimtoa kwenye tembe mtaniambia.

#52 Mbeba Boksi
Mafuta yameonekana kwenye picha, tezi imelegea, mnataka nini tena? Mwili wenyewe.

#53 Bwana Maabara
ALT kutoka 78 hadi 59 inaweza kuwa mabadiliko ya kawaida ya siku na siku, ukiongeza mashine mbili za maabara mbili tofauti. Ni maabara ile ile?

#54 Msambaa wa Mjini
Tofauti.

#55 Bwana Maabara
Basi.

#56 Mzaliwa wa Ukara
Kinyesi kimepimwa kichocho au mmeangalia bandama tu?

#57 Daktari Kijiweni
Ukara hakati tamaa. Lakini kwa aliyekulia Sengerema, kupima si vibaya na prazikwanteli, dawa ya kichocho, inapatikana. Msambaa, tezi ikishatulia na jeli ikipatikana, mambo matatu, ukihesabu na mizizi, yatakuwa yamebadilika kwa wakati mmoja, na hawa jamaa watagombana humu mpaka mwakani. Yeye aendelee na homoni, apime maabara moja, tarehe zikiandikwa.

#58 Nasoma Kimya
Nimeshanunua kiti cha kudumu.

#59 Mama Neema 2019
Habari zenu. Nimesoma uzi wote mikono inatetemeka. Binti yangu ana miaka 6, alizaliwa miguu imevimba kwa juu, shingo pana, na darasani ndiye mfupi kuliko wote. Masikio yanauma kila mara. Daktari wa watoto hajawahi kutaja kromosomu. Nianzie wapi?

#60 Kimo Si Hoja
Mama Neema, anzia kariotipu, kipimo cha damu cha kromosomu. Omba pia moyo na figo vipigwe picha na masikio yapimwe. Miaka 6 ni mapema sana, mimi niligundulika nikiwa na 19. Nimekutumia PM, nitakuelekeza kliniki ninayoijua.